Mguu wa Kushoto wa Salat

Jumatano, 20 Julai 1966

Upepo tangu alfajiri. Vumbi kwenye chai, vumbi kwenye wino. Lakini siku njema! Ofisi ya ngozi ya Nairobi imenikubali ukarani. Niripoti Jumatatu, tarehe mosi Agosti, asubuhi. Nisipoonekana, nafasi anapewa aliyenifuata kwenye usaili, kijana wa Isiolo mwenye mwandiko kama nyayo za kuku. Sitakubali.

Mkuu wa ofisi ni mtu mwema. Alipokuja hapa kwa usaili aliniuliza machache juu ya hesabu na mengi juu ya samli. Aliwahi kufanya kazi Wajir na bado anaiota samli ya huku. Nimeandika hilo pembeni. Mtu makini haachi kitu.

Sasa tatizo. Siku hizi mtu haamki tu akatoka Garissa. Kuna msafara mmoja kwa wiki, Alhamisi, askari mbele na nyuma. Wa kesho umejaa. Umebaki wa tarehe 28. Baada ya huo nimechelewa.

Gari lipo: pikapu ya dizeli ya Adeer Guleid. Adeer, yaani ami kwa Kisomali, ni mume wa Habaryar Qali, habaryar yaani mama mdogo, dada mdogo wa marehemu mama yangu. Hao wawili ndio walionilea, na kwao ndiko ninakokaa. Adeer anakwenda Nairobi kutafuta kibali cha kuuza ng'ombe. Habaryar anakwenda kwa daktari wa macho, ambaye atamwona Ijumaa ya tarehe 29 na si siku nyingine. Macho yake yameingia ukungu. Jana alimsalimia mbuzi kwa heshima zote na kumuuliza hali ya watoto.

Mbele wanakaa watu watatu. Nyuma hapandi mtu, mizigo tu. Hiyo ni amri ya Sajini Kilonzo wa msafara. Kwa hiyo: Adeer, Habaryar, dereva. Kwa hiyo: lazima niwe dereva.

Dereva wa Adeer ni Salat. Mnene, mcheshi, anaimba akiendesha. Leseni yake imekunjwa mara nyingi hata picha imepasuka katikati ya uso. Yangu ni mpya. Namna ya kumwondoa itapatikana.

Nimeanza vizuri. Dizeli hutolewa kwa kibali, na inasemekana wiki ijayo huenda isiwepo kabisa. Leo nimechukua mgao wetu pamoja na ule wa jirani Olow, ambaye lori lake halitembei. Kuweka mafuta nyumbani ni marufuku, serikali inahofia yataishia kwa mashifta, waasi wa porini. Basi nimeyaficha ndani ya debe la samli la Habaryar, ghalani, nyuma ya ngozi. Debe lilikuwa tupu, au karibu. Ghala lina giza. Nilifuta ndani kwa kitambaa hadi pale mkono ulipofika. Safi kabisa. Sehemu nimemimina kwenye tangi la gari, iliyobaki ni akiba. Siku Adeer atakapolalamika kuwa hatuna mafuta, nitamwambia tunayo. Ataona ni nani mwenye akili katika nyumba hii.

Alhamisi, 21 Julai

Msafara umeondoka bila sisi. Nilisimama barabarani nikatazama vumbi lake hadi likaisha. Kisha nikarudi nyumbani. Kisha nikaenda tena barabarani. Siwezi kukaa.

Asubuhi Salat alikwenda mtoni kuleta maji. Alirudi haimbi. Alimwambia Adeer gari linavuta, linaacha, linavuta tena, kama ngamia anayekataa kamba. Akikanyaga mafuta halitii, akiachia ndipo linaruka. Kwa maoni yake pampu imechoka.

Adeer aliacha chai. Sajini Kilonzo hataki mchezo na mambo hayo. Gari lisiloweza kushika nafasi yake analitoa mstarini kabla ya kuondoka, kwa sababu gari moja likisimama porini msafara mzima unasimama, na hakuna anayetaka kusimama huko. Likitolewa, Habaryar hamwoni daktari. Adeer hakuyasema hayo yote. Alimtazama tu Habaryar, aliyekuwa akitafuta kikombe chake kwa vidole, na kikombe kiko mbele yake.

Mimi nilisema mtu hasemi pampu kabla ya kupima. Pampu ni neno kubwa. Alasiri nikaomba ufunguo. Nikaenda hadi uwanja wa ndege na kurudi. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu: laini kama hariri! Halikukohoa hata mara moja.

Nimefikiri sana. Gari ni lile lile. Barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni dereva.

Ijumaa, 22 Julai

Nimepata. Ni mguu wa kushoto wa Salat.

Nilimchungulia leo asubuhi akienda sokoni. Gari lilikuwa likidunda tangu langoni. Mguu wake wa kushoto haushuki sakafuni. Unakaa juu ya klachi, unapumzika hapo kama mgeni aliyezoea. Klachi iliyokanyagwa nusu inashika nusu. Inashika, inaachia, inashika. Ndiyo maana gari linavuta na kuacha. Nilisoma jambo hili shuleni, kwenye kitabu cha fizikia, sura ya msuguano.

Nitakusanya ushahidi kwanza, kisha nimpe Adeer uamuzi uliokamilika.

Salat naye ametafuta dawa yake. Anasema gari limepigwa jicho na mtu wa bulla ya pili, yaani mtaa wa pili, kwa wivu. Ametundika hirizi kwenye kioo. Nilipomuuliza imekuwaje pampu iliyochoka jana leo ikawa jicho, alijibu kuwa jicho ndilo lililoichosha pampu. Huwezi kujadiliana na mtu kama huyo.

Baada ya swala Adeer aliuliza nani anakaanga nyirinyiri mapema hivi, akameza mate. Hakuna aliyekuwa akikaanga nyama yoyote. Paka watatu walikuwa wamekaa nyuma ya gari, karibu na bomba la moshi, wametulia kama wazee wa baraza. Watoto wa jirani wanasema gari letu linanukia Idi. Watoto na maneno yao.

Jumamosi, 23 Julai

Nimefanya majaribio. Nimechora jedwali lenye safu nne: wakati, dereva, gia, tabia ya gari. Asubuhi Salat: linadunda katika gia zote. Alasiri mimi: laini katika gia zote. Nilitumia rula.

Mtu mgumu angesema tubadilishane zamu, mimi niendeshe asubuhi na Salat alasiri. Nililifikiria. Lakini asubuhi ndipo ninapoandika vizuri, na matokeo ni dhahiri bila hayo. Kuongeza majaribio ambapo jibu linajulikana ni kupoteza mafuta.

Upepo hauishi. Mabati yanagonga. Jioni, amri ya kutotoka nje inapoanza, ua wetu unakuwa mdogo kama sanduku. Ninatembea kutoka kisimani hadi ghalani, kutoka ghalani hadi kisimani. Habaryar aliniita akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia sijapoteza kitu. Akasema basi nikae, maana anasikia tu viatu vinapita na hajui kama ni mtu mmoja au harusi.

Jumapili, 24 Julai

Msako. Askari waliingia nyumba kwa nyumba kutafuta bunduki. Tulikaa uani wote, Adeer na makaratasi yake mkononi, Habaryar na tasbihi. Askari mmoja kijana, mtu wa Kitui kwa lafudhi, alinichukua nimfungulie ghala.

Akaanza kupekua ngozi. Nikaanza kusoma kila dua ninayoijua. Akafika kwenye debe. Akainua kifuniko. Akaniuliza hii ni nini.

Nikasema samli. Sikupepesa jicho! Akainama, akanusa. Akanusa tena. Akasema ndiyo, samli, hata nyanya yake hutengeneza, ila hii imekaa vibaya kidogo. Akafunika, akaenda.

Kumbe uongo ukisemwa kwa utulivu hata pua inauamini. Nilitoka pale nikiwa na heshima mpya juu yangu mwenyewe.

Tatizo dogo. Habaryar alisikia. Askari alipoondoka aliniuliza ni samli gani hiyo. Nikamwambia nilisema hivyo tu ili kumpumbaza. Akasema hapana, iko samli yake katika lile debe, ameiacha chini kwa ajili ya mwenyeji wao wa Nairobi, aliigandisha mwenyewe baada ya kuitia hiliki, na juzijuzi alipoliinua lilikuwa zito. Nikamwambia imekwisha zamani. Alirudia tasbihi yake, lakini si kama mtu aliyekubali. Macho yakipungua mtu huanza kukumbuka vitu ambavyo havipo. Masikini Habaryar. Sharti tumfikishe kwa daktari.

Jumatatu, 25 Julai

Leo ni wiki moja tu hadi siku ya kazi. Nimekwisha kupiga pasi shati. Nimelipiga tena.

Salat amekuja na wazo la tatu: mafuta ni mabaya. Akayamwaga yote yaliyokuwa tangini ndani ya shimo la takataka. Yote! Kisha akafungua nozeli, akapuliza, akatoa hewa kwenye mabomba, akakaa chini ya gari hadi jua likampata miguuni. Adeer akauliza sasa watatia nini, maana kituo hakina tone.

Nilikuwa nikiisubiri siku hii. Nikamwambia Adeer aende ndani apumzike, mimi nitapata. Alipoingia nikatoa debe ghalani nikajaza tangi kwa akiba yangu. Dizeli hiyo niliichukua mwenyewe, nikaihifadhi mwenyewe, hakuna mkono mwingine ulioigusa. Mwishoni ilitoka nzitonzito, jambo ambalo ni dalili ya ubora. Nikabakisha kidogo.

Adeer alipoona mshale umepanda aliniwekea mkono begani. Aliuliza nimeyapata wapi. Nikasema mtu aliyesoma hujipanga. Akasema, "Adeer, Mungu akuzidishie," maana ndivyo tunavyoitana, yeye adeer na mimi adeer. Salat alifuta mikono yake muda mrefu.

Jumanne, 26 Julai

Ushindi!

Asubuhi baridi, upepo wa mtoni. Adeer alitaka kujionea mwenyewe, akapanda pembeni ya Salat, nami nikaning'inia mlangoni. Gari lilikuwa baya kuliko siku zote. Lilivuta, likaacha, likarusha kofia ya Adeer mapajani mwake, likazimika mbele ya msikiti, watu wakitoka. Na mafuta mapya! Na nozeli zimepulizwa! Na hewa imetolewa! Je, kimebaki nini? Umebaki mguu.

Pale pale, mbele ya watu, nikatoa jedwali. Nikaeleza klachi, msuguano, na tabia ya mguu unaokaa mahali pasipo pake. Nilisema bila matusi. Watu wakainama kuutazama mguu wa kushoto wa Salat. Naye akautazama. Ni mguu wa kawaida, ndala ya tairi.

Salat akasema mguu huo umemtoa Mandera hadi Mombasa na haukuwahi kushtakiwa. Mzee mmoja akamshauri avue ndala. Akaivua. Gari likadunda vilevile. Nikaeleza kuwa tabia haikai kwenye ndala. Mtu mwingine akamwambia aukunje mguu huo kitini aendeshe kwa mmoja. Watu wakacheka. Salat hakucheka. Nilihisi huruma kidogo, nikaishinda.

Alasiri niliendesha mimi, Adeer akiwa pembeni. Hariri. Adeer alishika kofia yake hadi tulipofika nyumbani. Kisha akasema kesho, mbele ya Sajini, nitaendesha mimi.

Habaryar ameuliza tena habari za debe. Ameagiza aletewe alishike kwa mikono yake. Nimemwambia nitalileta.

Jumatano, 27 Julai

Ukaguzi wa magari ya msafara ulikuwa saa kumi alasiri, uwanjani karibu na kituo cha polisi. Jua kali, boneti haishikiki. Sajini Kilonzo ni mtu mrefu asiyeinua sauti. Kila gari lilitakiwa kuondoka, kukaza mwendo, kusimama, kuondoka tena.

Lori la kwanza lilitolewa kwa breki. La pili lilipita. Kisha sisi.

Nilikaa kitini nikauweka mguu wangu wa kushoto sakafuni, waziwazi, ili kila mtu auone. Nikaondoka. Kama hariri! Nikakaza, nikasimama, nikaondoka. Sajini aliuliza kama hili ndilo gari aliloambiwa linadunda. Nikamwambia lilikuwa likidunda, sasa limepata dereva. Akaandika namba yetu, akanusa hewa, akauliza kama kuna mtu anapika karibu.

Jioni Adeer alinikabidhi ufunguo. Salat alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Alisema taratibu, bila kunitazama, kwamba mwendo wa alasiri na mwendo wa alfajiri si mmoja, hata punda anajua. Nikamwambia asijisumbue tena. Alinipa hirizi yake niiache kwenye kioo. Nikaipokea kwa adabu.

Nimefunga sanduku. Viatu vipya vya ukarani viko juu. Nimelifungua kuhakikisha. Nimelifunga.

Habaryar amepaka hina mikononi. Anasema anataka daktari aone kwamba anatibu mtu wa watu.

Alhamisi, 28 Julai

Naandika nikiwa ghalani. Sina pengine pa kukaa.

Tulifika mstarini alfajiri, amri ilipoondolewa tu. Baridi, upepo, magari yamepangwa, askari wamejifunika makoti. Gari liliwaka baada ya kubembelezwa sana. Sajini akatupungia tusogee nafasi ya nne. Nikatia gia ya kwanza.

Likavuta. Likaacha. Likavuta.

Nikautazama mguu wangu. Ulikuwa sakafuni! Nikaunyanyua kabisa hewani. Gari likaruka, kofia ya Adeer ikaanguka, tasbihi ya Habaryar ikamgonga puani. Hapo nikaelewa: kiti! Salat amekikalia miaka mingi, kimelala upande wa kushoto, kinamwegemeza kila anayekikalia. Nilianza kumweleza Adeer habari za kiti. Gari likazimika mbele ya lori la askari.

Sajini akaja. Akasema tuna bahati, msafara unasubiri redio ithibitishe kuwa njia iko salama. Redio ikisema ndiyo na sisi bado tumesimama, tunabaki. Adeer alishuka akasimama kando ya barabara mikono nyuma. Habaryar alibaki kitini. Alikuwa akisugua hina kwa kidole gumba.

Salat alikuwepo. Alikuja kuwaaga, ndivyo alivyosema, ingawa alikuwa na kifurushi cha nguo. Akafungua boneti bila kuniomba ruhusa. Akafungua kile kikombe cha kioo kinachochuja mafuta. Ndani palikuwa na donge la manjano, limeshikamana kama sabuni.

Salat akasema haya, pampu imeanza kutapika matumbo yake. Nikasema hapana, ni udongo kutoka kituo cha mafuta. Tukabishana. Madereva wa malori wakakusanyika, kila mmoja na wazo lake. Mmoja alisema ni nta ya nyuki.

Sauti ikatoka ndani ya gari. "Leteni hapa."

Salat akampelekea. Habaryar hakujaribu hata kulitazama donge lile. Aliliweka puani. Akafunga macho, yale macho yasiyoona, kama mtu anayesikiliza.

"Hii samli yangu," akasema. "Hiliki nilitia kwa mkono wangu."

Upepo tu. Kisha kutoka nyuma ya askari kikasikika kicheko, na yule kijana wa Kitui akapenya mbele akininyoshea kidole, akamwambia Sajini kwamba yeye alisema, alisema ni samli!

Adeer akaja polepole. Akaniuliza debe liko wapi. Nikamwambia kwamba hata kama kuna samli kidogo, bado suala la mguu halijafutwa, kwa sababu jedwali...

"Adeer," akasema. "Shuka."

Nikashuka.

Salat alifanya kazi haraka, akiimba. Akamwaga tangi, akaosha kikombe na bomba, akapasha tangi kwa maji ya moto kutoka jiko la chai la askari, akalikausha. Madereva wa malori wakachanga dizeli, kila mmoja kopo. Askari wawili walitumwa nyumbani kwetu wakarudi na debe. Sajini akamwaga mabaki yake mchangani. Alisema kwa sheria angenifunga kwa kuficha mafuta. Lakini askari wake mwenyewe alikwisha kagua na kuripoti kuwa ni samli, na samli si kosa, na yeye hana nafasi ya kuandika upya. Akanirudishia debe.

Redio ikasema ndiyo.

Adeer mlangoni, Habaryar katikati, Salat kwenye usukani. Habaryar akaomba anishike. Akanipapasa uso, paji, pua, masikio, kama anayehakikisha ni mimi kweli. Akasema amenisamehe, na kwamba akirudi na macho atalikagua ghala mwenyewe, kona kwa kona.

Gari likaondoka laini. Salat akatoa kichwa dirishani. "Karani! Mguu wangu unakusalimu."

Nilibaki na sanduku mkono huu na debe mkono huu. Hirizi imekwenda nao.

Ijumaa, 29 Julai

Leo Habaryar yuko kwa daktari. Nimeomba dua. Kisha nikatembea. Kisimani, ghalani. Ghalani, kisimani. Hakuna wa kuniuliza nimepoteza nini.

Habari zimekuja kwa redio ya polisi: msafara umefika salama, hakuna gari lililosita njia nzima. Nimetafakari hilo kwa makini. Salat aliendesha alfajiri, katika baridi, kwenye kiti kile kile, na gari halikudunda. Jibu ni moja tu. Amenisikia. Siku ile mbele ya msikiti alionekana amekasirika, lakini somo liliingia, na sasa mguu wake unakaa sakafuni. Hatakiri kamwe. Mwalimu hashukuriwi.

Jumamosi, 30 Julai

Nimelala vibaya na nimeamka na mpango.

Msafara mwingine ni Alhamisi. Nikisafiri nao nitafika ofisini nikiwa nimechelewa siku nne, na kijana wa Isiolo atakuwa amekwisha kunoa penseli zangu. Lazima mkuu anishikie nafasi hadi Ijumaa. Kwa nini anishikie? Kwa sababu ya samli! Lori la polisi linaondoka kesho alfajiri kufuata vipuri Nairobi. Dereva wake hawezi kubeba mtu, lakini debe amekubali. Jumatatu asubuhi, saa ile ile ambayo ningekuwa nikiingia mlangoni, samli ya Garissa itakuwa mezani kwa mkuu. Pamoja na barua fupi yenye mwandiko mzuri.

Samli nimeipata kwa jirani yetu Rukiyo, ambaye huichemsha vizuri kuliko wote mtaa huu. Tumebadilishana: yeye samli, mimi viatu vipya vya ukarani, vinamfaa mwanawe. Nitanunua vingine kwa mshahara. Alisema chombo nije nacho mwenyewe. Nikamletea debe.

Akaniuliza debe hili lilikuwa na nini. Nikasema samli, na hilo ni kweli tupu, hata polisi wamethibitisha. Akainama, akanusa. Akanusa tena. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nikamwambia ni mafua, upepo huu umeharibu pua za watu wote. Akamimina ikiwa moto, laini, rangi ya dhahabu, hadi shingoni.

Kabla ya hapo nilifuta ndani kwa kitambaa hadi pale mkono ulipofika. Safi kabisa. Nimeandika jina langu juu ya kifuniko kwa herufi kubwa, ili mkuu akifungua tu ajue ni mtu wa namna gani anayekuja kumfanyia kazi.